Bunduki ni ya Nani? Habari ya Dzaleka na Miaka ya Mwanzo ya Malawi

Msafiri atokaye Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, akielekea kaskazini, huingia wilaya ya Dowa, na baada ya mwendo wa karibu kilomita 50 huyakuta makazi ya Dzaleka. Hapo wanaishi wakimbizi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ingawa mahali penyewe palitengwa kwa watu wapatao 12,000 tu. Sokoni Kiswahili chasikika kila upande, hata mgeni kutoka Kigoma au Bukavu hahitaji mkalimani wa kumnunulia unga na dagaa. Lakini jina Dzaleka ni kongwe kuliko wakimbizi hao. Kwa lugha ya Kichewa hufasiriwa kuwa "nitaacha", yaani sitarudia tena. Ni jina lililofaa gereza, na gereza ndilo lililokuwapo.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi wa viongozi. Malawi ilijitawala tarehe 6 Julai, 1964. Miezi miwili haijatimia vizuri, baraza la mawaziri likafarakana. Mawaziri vijana walimlaumu Waziri Mkuu, Dakta Hastings Kamuzu Banda, kwamba ameshika mambo yote mkononi mwake, anachelewa kuwapa Waafrika vyeo vya serikali, na anafanya urafiki na Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji. Waliyapinga pia malipo mapya ya peni tatu kwa mgonjwa aendaye hospitali. Tarehe 7 Septemba Dakta Banda aliwafukuza Kanyama Chiume, Orton Chirwa, Augustine Bwanausi na Bibi Rose Chibambo. Wenzao kadhaa wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono, na Masauko Chipembere, aliyekuwa safarini Kanada, akarudi na kufanya vivyo hivyo.

Waliofukuzwa wengi walivuka mipaka. Chiume, ambaye alisoma Tanganyika tangu utotoni, alikaa Dar es Salaam miaka mingi akishika kalamu. Chipembere alijaribu kwa silaha: Februari 1965 alitoka upande wa Fort Johnston, mji uitwao sasa Mangochi, akielekea Zomba uliokuwa mji mkuu wakati ule. Alikwama Liwonde, kwenye kivuko cha mto Shire, kwa kuwa pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili. Yatuta Chisiza, aliyepata kuwa inspekta wa polisi Tanganyika kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa nchi yake, aliingia Malawi mwaka 1967 na kikundi kidogo chenye silaha, akauawa mwezi Oktoba.

Kwa walalahoi waliobaki nyumbani adhabu ilikuwa kizuizi. Kanuni za usalama za mwaka 1965 ziliruhusu mtu kufungiwa bila mashtaka wala hukumu, na Dzaleka ikawa moja ya kambi zilizotajwa kwa sauti ya chini. Mashahidi wa Yehova, waliopigwa marufuku mwaka 1967 na kukataa kununua kadi ya chama, nao walipitia huko. Mke wa mfungwa aliyehukumiwa huweza kuhesabu miezi iliyobaki. Mke wa mtu aliyewekwa kizuizini hana cha kuhesabu.

Juu ya hayo paliinuka kikosi cha Malawi Young Pioneers, vijana watangulizi, kilichoanzishwa mwaka 1963. Kazi yake ya kwanza ilikuwa njema: kufundisha kilimo cha kisasa na ufundi, kazi isiyotofautiana sana na ile ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye kilipewa silaha na upelelezi, kikawa cha chama na cha Rais. Sheria ya mwaka 1965 ilimzuia polisi kumkamata mmoja wao bila idhini ya wakubwa wa kikosi chenyewe. Askari polisi anayeisoma habari hii na ajiulize angefanyaje kazi yake katika mtaa wa namna hiyo. Nchi ilikuwa na jeshi lake halali, lililotokana na batalioni ya kwanza ya Keya, lakini bunduki zilikuwa na wakubwa wawili.

Taifa changa kubabaika juu ya jambo hili si ajabu ya Afrika peke yake. Makoloni 13 ya Marekani yalipokaribia kumaliza vita vyao na Uingereza, askari wao walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu. Machi 1783, katika kambi ya Newburgh, zilizunguka barua zisizo na jina, zikiwachochea maafisa wasiweke silaha chini mpaka walipwe. Jenerali George Washington aliwaita tarehe 15, akawatuliza. Hata hivyo mwezi Juni askari wenye hasira waliizunguka nyumba ya baraza la taifa huko Philadelphia, wajumbe wakakimbilia Princeton. Tarehe 23 Desemba Washington alisimama mbele ya wajumbe hao mjini Annapolis, akarudisha hati yake ya ukamanda, akaenda zake shambani. (Shamba hilo lililimwa na watumwa, uhuru wa taifa lile haukuwafikia.) Angeweza kujitwalia nchi, asifanye hivyo.

Malawi ilisubiri miaka 30. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walisomesha makanisani barua ya kuikosoa serikali, na tarehe 14 Juni, 1993 wananchi, zaidi ya 60 katika kila 100 waliopiga kura, walichagua mfumo wa vyama vingi. Vijana wa kikosi walibaki na bunduki zao. Mwanzoni mwa Desemba, mjini Mzuzu, ugomvi wa kilabuni ulikwisha kwa vijana hao kuwaua askari wa jeshi. Tarehe 3 Desemba wanajeshi wakashambulia makao makuu ya kikosi mjini Lilongwe. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, yaani rudisheni. Kwa siku chache kikosi kikavunjwa kote nchini, na baadhi ya vijana wakakimbilia Msumbiji. Watu walikufa, wakiwamo raia.

Msukumo ulitoka kwa askari na maafisa wa vyeo vya chini, na jeshi linalosukumwa kutoka chini ni jambo la kuogopesha, hata likiwa na haki. Kilichowapa heshima ni kilichofuata: walirudi kambini. Uchaguzi ulifanyika tarehe 17 Mei, 1994, Bakili Muluzi akashinda, na Dakta Banda akakubali kushindwa. Katiba mpya iliunda baraza la kuwafidia waliofungwa bila kosa.

Mwaka huo huo Dzaleka ilianza kupokea wakimbizi. Sheria bado inawabana: Malawi ilipoupokea mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka kando haki ya kutembea na kufanya kazi popote. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliohamia mijini warudi makazini, na mwezi Mei polisi na wanajeshi wakaanza kuwakusanya, wakiwamo wenye maduka na watoto walioko shuleni. Wengi waliporudi hawakuwa na pa kulala.

Tangu 2014 mkimbizi Mkongo, Menes la Plume, na wenzake wameandaa huko tamasha la ngoma na muziki liitwalo Tumaini. Wakazi wa Lilongwe huenda Dzaleka kwa hiari yao kulitazama, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi mpaka asubuhi.