Je, Wajua? Mvinyo wa Bordeaux Ulikuzwa na Bandari

Je, wajua kwamba sifa ya mvinyo wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ilitoka bandarini kama ilivyotoka shambani? Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine, mrithi wa jimbo lililojumuisha Bordeaux, aliolewa na Henry Plantagenet, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye. Kwa karne tatu, hadi 1453, mapipa yaliteremka mto Garonne kuelekea soko la Waingereza, na mashamba ya mizabibu yakapanuka kwa kuwa wanunuzi walikuwapo.

Wapo watakaosema siri ni udongo, nao wana hoja: changarawe za Médoc, eneo la mizabibu la Bordeaux, hupitisha maji upesi na kutunza joto la jua. Lakini changarawe zilikuwapo tangu kale, na sehemu kubwa ya Médoc ilibaki kinamasi mpaka wataalamu wa Kiholanzi walipokikausha katika karne ya 17. Hata orodha maarufu ya mwaka 1855 ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ilipangwa na madalali wa mvinyo, wakifuata bei za sokoni. Kwa hiyo mgeni asikimbilie mashamba ya Saint-Émilion kabla ya kutembea gatini. Bandari hiyo hiyo ilihusika pia na utumwa: pale kwenye uwanja wa Place de la Bourse zimechongwa nyuso za mawe ukutani, baadhi zikiwa za Waafrika; na kando ya mto, tangu 2019, imesimama sanamu ya Modeste Testas, mwanamke wa Afrika Mashariki aliyenunuliwa utumwani na wafanyabiashara wa mji huo. Anayeonja mvinyo bila kuzitazama sura hizo ameisikia nusu tu ya habari.