Ndama Jike Pacha wa Dume

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumzia hasara iliyonipata mwenyewe hapa Uyole, ili wewe isikukute.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ndama jike, chotara wa Friesian. Nilimlisha majani, pumba na mashudu hadi akawa mtamba mnene, majirani wakanipongeza. Lakini joto hakupata hata siku moja. Alipotimiza miaka mitatu nikamwita bwana mifugo. Akauliza swali moja tu: "Mzee, huyu alizaliwa peke yake?" Nikarudi kwa aliyeniuzia. Kumbe alizaliwa pacha na dume. "Hukuniuliza," akanijibu.

Sababu ni hii. Ng'ombe akibeba mapacha, mishipa ya damu ya makondo yao mara nyingi huungana mapema. Kama mmoja ni dume, vichocheo vyake hupita na damu hadi kwa jike, kabla viungo vya uzazi vya jike havijakamilika. Mji wake wa mimba hudumaa, na mayai hayapevuki. Frank Lillie wa Chicago alilieleza jambo hili mwaka 1916. Katika kila majike 100 wa namna hiyo, 90 au zaidi ni tasa, na dawa hakuna. Paka wa nyumbani huzaa majike na madume kwa mpigo mmoja bila balaa hili, kwa kuwa makondo yao kwa kawaida hayaungani.

Kumtambua hakuhitaji maabara. Ndama akiwa na wiki chache, bwana mifugo huingiza taratibu kijibomba safi ukeni. Kwa ndama mzima huingia sentimita 12 au zaidi; kwa tasa hukwama kwenye 5 hadi 8.

Hii si laana, wala si kosa la mama yake. Ndama huyo mnenepeshe, umuuze buchani; nyama yake haina kasoro. Kosa ni kunyamaza. Katika mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, deni hulipwa kwa ndama jike. Anayemtoa pacha wa dume huku anajua, hajalipa kitu. Mjane anayesubiri maziwa atakata majani miaka mitatu bure.

Kwa hiyo ukinunua, usitazame rangi na umbo tu. Uliza alizaliwa na nani. Nawe unayeuza, sema kabla hujaulizwa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.