Marejesho ya Mkopo wa Mshahara katika Nyumba yenye Watoto Wadogo

Ni nadra familia changa ya mfanyakazi wa mjini nchini Tanzania kuwa na deni moja tu. Mara nyingi kuna mkopo mkubwa wa benki unaokatwa kwenye mshahara, makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa mume au mke aliyesoma chuo kikuu, mkopo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, madeni madogo ya simu yanayolipwa na kukopwa upya kila wiki, na pengine deni la mkopeshaji wa mtaani ambalo mmoja wa wanandoa hajawahi kumtajia mwenzake. Ushauri unaotolewa kwa familia ya namna hii huanza kwa kuhimiza kubana matumizi, kana kwamba kiini cha tatizo ni uzembe, ilhali mara nyingi kiini chake ni hesabu: kiwango cha marejesho hupangwa kwa kuangalia mwezi mtulivu, na nyumba yenye watoto wadogo ina miezi mitulivu michache mno. Mwezi usio mtulivu unapofika, pengo huzibwa kwa mkopo mpya, na deni lililokuwa likipungua hurudi pale pale lilipoanzia.

Mkopo wa mshahara ni mkopo usiohitaji nyumba wala kiwanja kuwa dhamana, kwa sababu dhamana yake ni mshahara wenyewe, ambao mwajiri hukata sehemu yake na kuipeleka benki kabla haujamfikia mfanyakazi. Kwa benki huo ni mkopo salama, na kwa mkopaji ni mkopo mwepesi kupata, jambo linaloeleza kwa nini watumishi wengi wa umma huuchukua katika miaka ya mwanzo ya ajira, ambayo ndiyo pia miaka ya kuoa au kuolewa, kujenga na kuzaa. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yote yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake, na nchini Kenya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka mpaka wa aina hiyo kwa kuzuia jumla ya makato kuzidi theluthi mbili. Kinga hiyo ina maana yake, lakini imezoeleka kusomwa kinyume, yaani mkopaji na afisa mikopo huifanya kuwa kipimo cha kiasi kinachofaa kukopwa, wakati iliwekwa kuwa ukuta wa mwisho. Theluthi haijui idadi ya watoto waliomo nyumbani, na kwa mzazi anayemnunulia mtoto maziwa na kumlipa dada wa kazi, kufika kwenye theluthi ni kufika mahali ambapo homa moja tu ya mtoto inatosha kuzalisha deni jingine.

Hesabu ya mkopo wa aina hii inastahili kufuatwa polepole. Tuseme mfanyakazi amekopa shilingi 12,000,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 6, na riba inahesabiwa juu ya salio, yaani juu ya kile tu ambacho bado hakijalipwa. Rejesho lake la kila mwezi litakuwa takribani shilingi 267,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 170,000 ni riba na takribani shilingi 97,000 tu ndizo zinazopunguza msingi wa mkopo, yaani fedha halisi iliyokopwa. Kadiri salio linavyoshuka, fungu la riba hupungua na fungu la msingi huongezeka, ingawa rejesho lenyewe halibadiliki. Kwa hiyo baada ya miaka 2 mkopaji atakuwa amekwisha kulipa zaidi ya shilingi milioni 6.4, na bado atadaiwa takribani milioni 9.25. Wengi huliona salio hilo na kudhani wameibiwa. Hawakuibiwa, ila wamelipia kwanza sehemu iliyo ghali, na sehemu ambayo kila shilingi inauma deni sawasawa ndiyo inayoanza.

Hapo ndipo huja simu ya benki. Mteja huelezwa kwamba anastahili kuongezewa mkopo, utaratibu ambao wengi huuita topapu, ambapo deni la zamani hufutwa kwa mkopo mpya mkubwa zaidi na tofauti huingizwa kwenye akaunti. Mkopaji wa mfano huu akirudishwa kwenye shilingi 12,000,000 kwa miaka 6 mingine, kwa riba ile ile, atapokea mkononi takribani shilingi milioni 2.75 kabla ya kukatwa ada na bima ya mkopo, na rejesho lake la mwezi halitapanda hata kidogo. Ni kutopanda huko kunakopoteza watu. Alikuwa amebakiza marejesho 48, sasa anayo 72. Marejesho 24 yaliyoongezeka ni zaidi ya shilingi milioni 6.4, ambazo ameahidi kuzilipa kwa ajili ya milioni 2.75. Mtoto aliyekuwa na miaka 2 siku ya kutia saini atakuwa na miaka 8, yuko shule ya msingi, deni lile lile likiendelea kukatwa. Kama kuna uamuzi mmoja unaotenganisha familia inayomaliza deni na familia inayozeeka nalo, ni huu wa kukataa topapu ya matumizi, na uzito wake unazidi mbali ule wa kupunguza vocha au kuacha soda.

Kinyume cha topapu ni kulipa zaidi ya rejesho lililopangwa. Mkopaji yule yule, mwanzoni mwa mwaka wa tatu, akiongeza shilingi 50,000 kila mwezi, na benki ikikubali kuzielekeza kwenye msingi wa mkopo, atamaliza takribani miezi 10 mapema na kuokoa karibu shilingi 790,000 za riba. Kabla ya kuanza inafaa kusoma mkataba kuona kama kuna ada ya kulipa mapema, na kuomba kwa maandishi kwamba nyongeza hiyo ipunguze salio badala ya kukaa kwenye akaunti ikisubiri rejesho lijalo.

Si mikopo yote inayohesabu riba juu ya salio. Taasisi nyingi ndogo hutoza riba juu ya mkopo wa awali kwa muda wote, hata pale ambapo nusu yake imekwisha kurudishwa. Mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi ya namna hiyo hurejeshwa kwa shilingi 124,000 kila mwezi, na riba yake halisi, ikipimwa juu ya salio, inakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia mbili zinazoandikwa kwenye bango la ofisi moja na asilimia mbili za ofisi ya jirani zinaweza kuwa bei mbili tofauti kabisa, na swali linalofaa kuulizwa dirishani ni jumla ya shilingi zitakazorudishwa na tarehe zake, si asilimia.

Chini kabisa kuna mikopo iliyopewa na wananchi wenyewe jina la kausha damu. Anayepewa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26 huambiwa kwamba riba ni asilimia 30, lakini kwa kuwa anaanza kurejesha siku ya pili, fedha anayokaa nayo hupungua kila jioni, na gharama yake halisi hufikia takribani asilimia 2 kwa siku juu ya kile kilichobaki mikononi mwake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma ndogo za fedha katika madaraja manne na kuwataka wakopeshaji wawe na leseni, na kwa wale wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mkopeshaji anayeshikilia kadi ya benki ya mteja pamoja na namba yake ya siri, au anayewapigia ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha, analalamikiwa kwa Benki Kuu, ingawa ni kweli kwamba mama aliyekopa ili kumtibu mtoto huona aibu kulalamika, na wakopeshaji hao wanaijua aibu hiyo vizuri.

Kuhusu mpangilio wa kulipa, wataalamu wa fedha za kaya hutaja njia mbili. Moja huanza na deni lenye riba kubwa kuliko yote, ambayo kihesabu ndiyo nafuu; nyingine huanza na deni dogo kuliko yote bila kujali riba, kwa hoja kwamba kufuta deni moja mapema humtia mdaiwa moyo wa kuendelea. Katika mazingira ya familia za Tanzania mjadala huo hauna makali sana, kwa sababu deni dogo na deni ghali mara nyingi ni lile lile, la kausha damu au la simu. Hilo liondoke kwanza, hata kwa kuuza kitu cha ndani. Mkopo wa kikoba hufuata, si kwa ukubwa wa riba yake bali kwa sababu kuulipa vizuri hulinda mlango ambao familia itauhitaji tena. Mkopo wa benki uachwe ukatwe kwa mwendo wake hadi hayo yaishe. Deni la Bodi ya Mikopo, ambalo mwajiri hulikata kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ndilo la mwisho kabisa kuharakishwa, kwa kuwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021 na kuliwahi hakuokoi kitu cha maana.

Hata hivyo mpangilio wowote huvunjika usipozingatia kalenda ya watoto. Ada ya sekondari za umma hadi kidato cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016, na ya shule za msingi za umma kabla ya hapo, lakini Januari bado inadai sare, viatu, madaftari na michango, na mzazi aliyechagua shule ya mchepuo wa Kiingereza amejiongezea, kwa hiari yake, deni linalojirudia kila muhula. Sera ya afya inataka watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya umma, lakini dawa ikikosekana dirishani mzazi huelekea duka la dawa akiwa na fedha taslimu. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Mjamzito aliyeajiriwa ana likizo ya siku 84 yenye malipo, wakati mama lishe au fundi cherehani hana, na kipato chake husimama miezi ile ile ambayo marejesho hayasimami. Hakuna hata moja kati ya haya lililo dharura kwa maana halisi, kwani yote yanajulikana yatakuja, ila tarehe ya baadhi yake ndiyo haijulikani.

Kwa sababu hiyo fungu la kwanza katika bajeti ya familia yenye deni, kabla ya shilingi yoyote ya ziada kupelekwa benki, ni akiba ya gharama zisizokuja kila mwezi. Familia inayolipa kodi ya shilingi 600,000 mara mbili kwa mwaka, shilingi 350,000 za Januari, na inayokadiria shilingi 250,000 za matibabu, inahitaji shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Mhasibu mkali atapinga kwamba si busara kuweka akiba isiyozaa huku deni likitozwa riba ya asilimia 17. Kihesabu yuko sahihi, lakini anasahau kwamba familia isiyo na akiba hiyo haikopi kwa asilimia 17 mtoto anapougua usiku; inakopa kwa asilimia 2 kwa siku. Mahali pazuri pa fungu hilo ni kikoba chenye mfuko wa jamii, ambao wanachama huuchangia kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na kinachovunjwa, yaani kugawana hisa na faida, mwezi Desemba, siku chache kabla ya mahitaji ya Januari. Utaratibu wa vikundi vya aina hiyo, ulioanzia kwa wanawake wa Maradi nchini Niger mwaka 1991, umeenea Afrika Mashariki kwa sababu unaifuata kalenda ya kaya vizuri kuliko benki.

Hayo yote yanahitaji mume na mke wawe na orodha moja ya madeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini haigusi mikopo ya simu wala ya mtaani, na huko ndiko siri hukaa. Orodha hiyo hiyo ndiyo inayowezesha kusema hapana, au kusema kiasi kidogo, kwa michango ya harusi na sherehe; ndugu wengi hupokea vyema taarifa ya mapema kuliko ahadi isiyotimizwa.

Kipato kikiyumba, wakati wa kwenda benki ni kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, wakati mdaiwa bado ana historia safi na anaweza kuomba mkopo upangwe upya, ingawa kurefusha muda huongeza riba kama ilivyoelezwa kwenye topapu. Na siku rejesho la mwisho linapokatwa, kazi bado haijaisha: mkopaji huomba barua ya kumaliza deni, huangalia hati ya mshahara ya mwezi unaofuata kuhakikisha kwamba kato limeondolewa, kwa kuwa makato husahaulika yakaendelea, na huchukua taarifa yake kutoka kampuni ya kumbukumbu za wakopaji ili kuona kama deni limeandikwa kuwa limelipwa.