Gari Lisilotuma Taarifa: Soko la Magari ya Zamani Nchini Marekani

Karibu kila gari jipya linalouzwa Marekani leo lina laini yake ya simu. Nyuma ya dashibodi kumefungwa kisanduku chenye modemu na kipokezi cha GPS, nacho huwasiliana na kompyuta za kampuni iliyoliunda gari bila kumngoja dereva abonyeze chochote. General Motors ilianza biashara hiyo mwaka 1996 kwa huduma ya OnStar, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuita msaada baada ya ajali. Umoja wa Ulaya uliigeuza huduma ya namna hiyo kuwa sharti: tangu tarehe 31 Machi 2018, aina mpya ya gari dogo haiidhinishwi kuuzwa huko mpaka iwe na uwezo wa kupiga namba 112 yenyewe baada ya kugongana vibaya. Hiyo ni kazi njema isiyostahili kubezwa. Lakini laini iliyowekwa kwa ajili ya dharura inafanya kazi siku zote, na kampuni ziliona mapema kwamba inaweza kupitisha mengi zaidi ya kilio cha msaada.

Yanayopitishwa ni mahali gari lilipo, safari imeanza saa ngapi na kuishia wapi, kasi, breki za ghafla, kona zilizokatwa kwa pupa, mkanda uliofungwa au kuachwa, na mara nyingi majina na namba zilizomo kwenye simu iliyounganishwa na redio. Mwaka 2023 taasisi ya Mozilla ilipitia sera za faragha za kampuni 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofikia kiwango chake. Asilimia 84 zilisema zinaweza kuwapa wengine taarifa za wateja, na asilimia 76 zilikiri kwamba zinaweza kuziuza. Mnunuzi wa kawaida hukubali sera hizo kwa kugusa skrini siku ya kuchukua funguo, akiwa na haraka ya kuondoka na gari lake.

Matumaini ya fedha yalikuwa makubwa. Mwaka 2016 kampuni ya ushauri ya McKinsey ilikadiria kwamba ifikapo 2030 taarifa za magari zitakuwa na thamani ya kati ya dola bilioni 450 na 750 kwa mwaka duniani kote. Mwaka 2021 General Motors iliwaambia wawekezaji kuwa inalenga kupata dola bilioni 20 hadi 25 kwa mwaka kutokana na programu na huduma kufikia mwisho wa muongo huu. Mauzo yaliyokuja kufichuliwa yanaonyesha sura nyingine. Julai 2024 maseneta Ron Wyden na Edward Markey walieleza kwamba Honda ililipwa na kampuni ya Verisk dola 25,920 kwa taarifa za magari 97,000, yaani kama senti 26 kwa gari. Hyundai ilipata dola 1,043,315 kwa magari milioni 1.7, wastani wa senti 61. Ni vigumu kufikiria bei ndogo kuliko hiyo kwa mwenendo wa mtu barabarani, na hapo ndipo ubaya wa biashara hii unapoonekana: kampuni iliyounda gari haikupata kitu cha maana, ilhali gharama aliyobebeshwa mwenye gari ilikuwa kubwa.

Gharama hiyo ilikuja kupitia bima. Verisk na kampuni nyingine ya taarifa, LexisNexis, zilikusanya taarifa za uendeshaji, zikazifanya ripoti, na kampuni za bima zikazitumia kupanga ada. Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza habari za mtu wa eneo la Seattle aliyekuwa akiendesha Chevrolet Bolt, ambaye bima yake ilikuwa imepanda kwa asilimia 21. Alipoomba faili lake LexisNexis alipewa ripoti ya kurasa 258 yenye safari zake na za mke wake: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, umbali, na kila breki ya ghafla. Taarifa hizo zilitoka kwenye programu ya General Motors iitwayo Smart Driver, ambayo wateja wengi hawakujua kuwa wameandikishwa. Kampuni iliifunga programu hiyo mwaka huohuo. Agosti 2024 jimbo la Texas liliishtaki, likidai kwamba taarifa za magari zaidi ya milioni 14 ziliuzwa. Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ilitangaza makubaliano yanayoizuia General Motors kwa miaka 5 kuzipa kampuni za ripoti za watumiaji taarifa za mahali na za uendeshaji. Tume ilieleza kuwa mahali gari lilipo paliweza kurekodiwa kila baada ya sekunde 3.

Kuuzwa ni njia moja tu ya taarifa kutoka nje. Mei 2023 Toyota ilikiri kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani, pamoja na mahali magari yao yalipokuwa, zilikaa wazi mtandaoni kwa karibu miaka 10 kwa sababu ya mpangilio mbaya wa hifadhi. Mwishoni mwa 2024 jarida la Ujerumani Der Spiegel, likisaidiana na wataalamu wa Chaos Computer Club, lilionyesha kwamba kampuni tanzu ya Volkswagen ilikuwa imeacha wazi taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000, na kwa mengi kati yake iliwezekana kujua yameegeshwa wapi. Serikali nazo zina hofu hiyohiyo. Mwaka 2021 jeshi la China lilipiga marufuku magari ya Tesla kuingia kwenye maeneo yake kwa sababu ya kamera, na Januari 2025 Marekani ilitoa kanuni ya kuzuia programu za China na Urusi kwenye magari yanayounganishwa na mtandao, kuanzia matoleo ya 2027. Wakuu wa majeshi wanapoiona hatari hiyo, raia anayekataa kuingia ndani ya gari la namna hiyo hapaswi kuitwa mtu wa wasiwasi usio na msingi.

Wanaotafuta gari lisilotuma taarifa wanaingia kwenye soko ambalo tayari lina msukumo mwingine. Kwa hesabu za S&P Global Mobility, wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani Marekani ulifika miaka 12.8 mwaka 2025. Sababu kuu ni bei: Septemba mwaka huo wastani wa bei ya gari jipya ulipita dola 50,000 kwa mara ya kwanza. Watu wengi wanabaki na gari la zamani kwa kukosa fedha, na hofu ya kufuatiliwa inaongezeka juu ya uamuzi ambao mfuko ulikwisha kuufanya.

Kwa mnunuzi wa aina hii, mwaka wa toleo una maana kuliko wingi wa kilomita. Magari mengi ya kabla ya 1996 hayana tundu la kompyuta la OBD-II, ambalo lilikuja kuwa la lazima kwa matoleo ya mwaka huo. Fundi huyasoma kwa sikio, kwa mita na kwa uzoefu. Kuanzia 1996 hadi miaka ya mwanzo ya 2000 kuna kundi linalopendwa zaidi: injini inadhibitiwa kwa kompyuta, eabegi zipo, spea zinapatikana, na mengi hayana modemu. Magari mengi ya kipindi hicho na kilichofuata yana kisanduku cheusi kinachohifadhi sekunde chache za kabla ya ajali, lakini kisanduku hicho hakitumi kitu popote, na sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inasema taarifa zake ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi. Matoleo ya 2008 yalileta jambo lisilojulikana na wengi. Vihisi vya upepo wa tairi, vilivyowekwa kwa lazima baada ya vifo vilivyohusishwa na tairi za Firestone, hutangaza kwa redio namba ya pekee ya kila tairi. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha kwamba namba hizo zinaweza kunaswa umbali wa mita 40.

Baada ya hapo modemu zilienea, na miaka ya 2010 imeacha kundi la ajabu: magari yaliyozaliwa na laini ya 3G, ambayo kampuni za simu za Marekani ziliizima mwaka 2022. Mwenye gari la aina hiyo alipoteza huduma ya dharura aliyoilipia bila kuulizwa, na papo hapo akapata faragha ambayo hakuiomba. Wauzaji wachache hulitaja hilo kama sifa. Kwa magari mapya zaidi, njia iliyobaki ni kung'oa fyuzi ya modemu au kukata antena. Hilo huweza kuzima kipaza sauti, ramani au wito wa dharura, na mara nyingine huleta ubishi wa waranti.

Faragha ya gari la zamani ina bei yake, na katika jambo la usalama bei hiyo ni nzito. Mfumo unaozuia gari kuserereka umekuwa wa lazima kwa magari yote mapya mepesi Marekani kuanzia matoleo ya 2012, nao umepunguza sana ajali za gari moja kupinduka. Gari la 1998 kwa kawaida halina mfumo huo, wala eabegi za pembeni, wala breki zinazojikaza zenyewe. Eabegi za Takata, zilizolazimisha kuitwa tena gereji kwa vilipuzi vipatavyo milioni 67 nchini Marekani, zimo ndani ya mamilioni ya magari ya miaka ya 2000 na mwanzo wa 2010. Asiyekagua namba ya chesisi kabla ya kununua anaweza kuwa anaketi mbele ya chuma kinachoweza kumrukia usoni. Ongeza kutu ya majimbo ya baridi yanayomwaga chumvi barabarani, mafuta mengi zaidi, na mpira wa breki uliochoka, na inaonekana kwamba mtu anayeendesha watoto kila siku ana sababu nzuri ya kusita. Kwamba analazimika kuchagua kati ya usalama wa mwili na siri ya maisha yake ni kosa la waliounganisha vitu viwili ambavyo havikuhitaji kuunganishwa: breki inayojikaza haihitaji laini ya simu.

Upande wa spea na gereji umenufaika. Maduka makubwa kama AutoZone na O'Reilly hutegemea hasa magari yaliyomaliza waranti. Kampuni za magari zenyewe zimeanza kutengeneza upya vipuri vilivyoadimika: Mazda ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kukarabati Roadster za kizazi cha kwanza, na Toyota ikafuata na vipuri vya Supra za zamani. Ugomvi mkubwa zaidi ni nani atakayeruhusiwa kutengeneza magari mapya. Novemba 2020 wapiga kura wa Massachusetts waliidhinisha, kwa karibu robo tatu ya kura, sheria inayowapa wenye magari na mafundi wa kujitegemea haki ya kupata taarifa zinazorushwa na gari. Badala ya kutii, Subaru na Kia zilizima huduma zao za mtandao kwa magari mapya ya jimbo hilo.

Gari la zamani pia haliondoi macho yaliyo nje yake. Kamera za Flock Safety, kampuni iliyoanzishwa Atlanta mwaka 2017, husoma namba za magari katika maelfu ya miji, na hazibagui toleo. Simu iliyo mfukoni hufanya kazi ya modemu. Januari 2025 Texas ilishtaki kampuni ya bima ya Allstate na tawi lake Arity, ikidai kwamba programu zao zilizofichwa ndani ya programu za simu zilikusanya mienendo ya Wamarekani zaidi ya milioni 45. Mtu mwenye Corolla ya 1997 na simu iliyojaa programu za namna hiyo hajajificha.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kupitia bandari. Magari mengi madogo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam ni mitumba ya Japani, na mengi bado husalimia kwa Kijapani yakiwashwa, yakidai kadi ya kulipia barabara za huko. Huduma za mtandao za Kijapani zilizomo hufa gari linapoondoka nchini humo, kwa hiyo dereva wa Toyota Probox hufuatiliwa kidogo na kampuni iliyoliunda gari. Hali hiyo haitadumu. Toyota ilianza kuweka modemu kama kifaa cha kawaida kwenye Crown na Corolla Sport mwezi Juni 2018, na Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Tanzania huyatoza magari ya zaidi ya umri huo ushuru wa ziada, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya 2018. Kanuni hizo zinatetewa kwa hoja za hewa safi na usalama, na zina uzito, ila zinamwondolea mnunuzi nafasi ya kuchagua ambayo mwenzake wa Marekani anayo.

Ufuatiliaji ulio mzito hapa hautoki kiwandani. Wanaokopesha kwa dhamana ya logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, na wanaouza bodaboda kwa mkopo hufunga traka, yaani kifaa cha kufuatilia, na baadhi huweza kuzima injini wakiwa mbali malipo yakichelewa. Mabasi ya masafa marefu Tanzania hufuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa ajili ya mwendo, jambo ambalo abiria wengi wanalishukuru. Uganda iliingia mkataba mwaka 2021 na kampuni ya Urusi kwa namba za magari za kidijitali zinazoweza kufuatiliwa, na mpango huo unahusu gari kuukuu sawa na jipya. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa tangu 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa aeleze lengo lake na asivuke lengo hilo, na mwenye gari anaweza kumuuliza mkopeshaji kwa maandishi anahifadhi nini, kwa muda gani, na traka itaondolewa lini deni likiisha.