Chaja ya Kompyuta: Soma Namba Kabla Hujanunua

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina busara yake shambani, lakini haifai hata kidogo mbele ya meza ya muuza chaja za kompyuta za mkononi. Hapo asiyechagua ndiye apatwaye na hasara.

Kompyuta hizi zimekwisha ingia katika kazi zetu za ulinzi na usalama. Katika kituo cha polisi hutunza maelezo ya mashahidi. Katika ofisi ya kwatamasta hutunza hesabu za sare, chakula na mafuta ya magari. Chaja inapokufa, kazi husimama. Ndipo mtu hushawishika kuazima chaja ya mwenzake, au kununua ile ya kwanza aionayo sokoni, kwa sababu tu plagi yake inaingia. Ndugu msomaji, kuingia siko kufaa.

Askari hahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Bunduki ya AK-47 na ile ya G3 zote hutumia risasi ya milimita 7.62. Lakini ganda la risasi ya kwanza lina urefu wa milimita 39, na la pili milimita 51. Hakuna mpiganaji timamu atakayezichanganya eti kwa kuwa namba ya mwanzo ni moja. Chaja nazo ni vivyo hivyo.

Kwanza tafuta ugonjwa

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba chaja ndiyo mbovu. Jaribu soketi nyingine ya ukutani. Fungua plagi ya pini tatu utazame fyuzi yake, kwa maana mara nyingine kilichokatika ni fyuzi tu. Kisha badilisha waya utokao ukutani hadi kwenye chaja; waya huo huchomoka na huuzwa peke yake kwa bei nafuu. Mwenye mita ya umeme na apime mwisho wa chaja: ikiwa volti zipo sawasawa, basi huenda ubovu umo katika tundu la kompyuta, na chaja mpya haitakusaidia.

Mambo manne ya kulinganisha

Chaja ikithibitika kuwa imekufa, usiitupe. Igeuze usome maandishi yaliyo mgongoni mwake. Mstari wenye neno "INPUT" waeleza umeme uingiao. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240, mizunguko 50 au 60, kwa hiyo hutumika hapa Uganda kwenye volti 240, na hutumika pia kwa askari aliyekwenda masomoni Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Mstari wa maana zaidi ni ule wa "OUTPUT", yaani umeme uendao katika kompyuta.

La kwanza ni volti. Hizi sharti zilingane. Kompyuta nyingi hutumia 19, 19.5 au 20. Tofauti ya nusu volti, kama 19 na 19.5, kwa kawaida haidhuru. Lakini volti zilizozidi sana huweza kuunguza mitambo ya ndani, na zilizopungua huiacha kompyuta bila kuwaka.

La pili ni ampea. Hapa sheria ni tofauti: chaja mpya iwe na ampea zilezile au zaidi, isiwe na pungufu. Kompyuta huchukua kiasi inachohitaji tu, hivyo ziada haiidhuru. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 mara 3.34 ni wati 65, 19.5 mara 4.62 ni wati 90. Chaja ya wati 90 yaweza kuihudumia kompyuta ya wati 65. Ukigeuza mambo, chaja ndogo itabebeshwa mzigo usio wake, itapata moto na huenda ikafa.

La tatu ni chanya na hasi. Tazama mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Mara nyingi chanya huwa ndani na hasi huwa nje. Mchoro wa chaja mpya ufanane na wa zamani.

La nne ni plagi yenyewe: unene wa nje, upana wa tundu la ndani, na kama ina sindano katikati. Baadhi ya kompyuta, kama za Dell, hutumia sindano hiyo kuitambua chaja. Isipotambulika, kompyuta yaweza kuwaka lakini ikakataa kujaza betri.

Plagi mpya na umeme wa gari

Kompyuta nyingi za siku hizi hutumia plagi bapa ya USB-C. Hapa chaja na kompyuta hupatana kwanza juu ya volti: 5, 9, 15 au 20. Hata hivyo, angalia wati, na uangalie waya pia. Waya wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo wahitajika waya wa ampea 5. Tena si kila tundu la USB-C hupokea chaji, kwa hiyo soma kitabu cha kompyuta yako.

Kwa walio safarini onyo ni moja. Magari madogo huwa na umeme wa volti 12, lakini malori mengi ya jeshi yana volti 24. Kamwe usiunganishe kompyuta moja kwa moja na betri ya lori. Tumia chaja ya gari iliyoandikwa waziwazi kwamba inapokea volti 24.

Mwisho, jihadhari na chaja za bandia zenye maandishi yaliyokosewa au zisizo na namba kabisa. Chaja inayonuka au kuunguza mkono na ichomolewe mara moja, isiachwe ikilala ofisini na majalada.

Leo hii, chaja yako ingali nzima, nakili volti, ampea na wati zake katika daftari la stoo. Siku itakapokufa, hutabahatisha.