Wito na Kuitika: Mwito wa Mungu katika Maisha ya Kila Siku ya Wakristo wa Ufipa

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Wakatoliki wa Tanzania, kusema kwamba kijana fulani "ana wito" ni kusema kwamba anaelekea seminarini au utawani. Msikilizaji haulizi ni wito wa nini. Mkulima wa Mwimbi, ambaye siku ya Jumapili huongoza ibada kigangoni kwa sababu padre hawezi kufika kila juma, na ambaye siku ya Jumatatu hushika jembe lake, hasemwi kuwa ana wito. Husemwa kuwa ana moyo wa kujitolea. Mkewe, ambaye huwafundisha watoto sala na kumuuguza mama mkwe aliye kitandani, aghalabu hasemwi chochote.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ufinyu huo wa maana hautokani na neno lenyewe, wala na Maandiko, wala na historia ya Ukristo katika nyanda za juu za Ufipa na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Suala hili si la kamusi peke yake. Mtu aliyezoezwa kuamini kwamba wito ni wa wengine hujiona hana cha kuitikia, na kazi zake za siku sita hubaki nje ya dini yake.

Neno na umbo lake

Nomino wito, pamoja na mwenzake mwito, imetokana na kitenzi ita. Katika matumizi ya Kanisa umoja umeelekea kuwa wito, ilhali wingi umebaki miito, ambao kwa asili ni wingi wa mwito. Jambo la kuzingatia zaidi ni namna nomino hiyo inavyotumika katika sentensi. Ikihusu upadre au utawa, husimama peke yake: "ana wito", "ameacha wito", "tuombee miito". Ikihusu jambo jingine lolote, hulazimika kufuatwa na kijalizo: "wito wa ndoa", "wito wa ualimu", "wito wa uuguzi". Kisarufi, kwa hiyo, upadre na utawa umekuwa ndio wito wenyewe, na mengine yote ni miito ya kufafanuliwa.

Kitenzi cha kujibu hakikupatwa na ufinyu huo. Kwa umbo, itika ina mzizi wa ita na kiambishi -ik-, ambacho katika vitenzi kama vunjika na someka huonyesha kutendeka. Ingetarajiwa basi kwamba itika iwe na maana ya kuweza kuitwa. Sivyo ilivyo, maana yake ni kutoa sauti ya kumjibu aliyeita. Hata hivyo chembe ya maana ya kutendeka ingalipo, kwani ni kwa kuitika kwake mtu ndipo hudhihirika kuwa wito umemfika. Kutokana na itika tunapata itikia, na kutokana na itikia tunapata kiitikio, yaani sehemu ya wimbo ambayo haiimbwi na mmoja bali na wote waliopo. (Itikadi haimo katika ukoo huu, ingawa sikio huweza kudanganyika, hilo ni neno la asili ya Kiarabu.)

Adabu ya kuitika yafaa kuangaliwa. Mtoto aliyelelewa vema, akiitwa na mkubwa, hapazi sauti kutoka mbali kuuliza anatakiwa nini. Huitika kwanza, "abee" au "naam" kwa kadiri ya malezi ya mahali, kisha husogea, na ndipo huambiwa la kuambiwa. Kuitika hutangulia kujua. Methali inasema: Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Hekima ya methali hii ni kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya Kanisa imeyachanganya, yaani kuitwa kwenyewe na jambo analoitiwa mtu. Kuitwa ni kwa kila mwenye jina. Anachoitiwa ndicho kinachotofautiana, na hapo ndipo hiari ya mtu inapopata nafasi yake.

Kisa cha Samweli katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, kinaweza kusomwa kwa adabu hiyo. Mtoto yule hakuwa akitafuta wito. Alikuwa mtumishi wa nyumba, amelala karibu na kazi yake. Mara tatu aliitwa, na mara tatu alikwenda kwa mzee Eli akidhani ndiye aliyeita. Hakukosea kuitika, alikosea tu kumtambua aliyemwita. Yaelekea kwamba kama asingezoea kumwitikia mzee kipofu usiku, asingeweza kumwitikia Mungu.

Tatizo la tafsiri

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, neno wito limetumika katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 4, mahali ambapo waumini wote wanahimizwa waishi kwa namna inayolingana na kuitwa kwao. Hapo maana ni pana. Lakini katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, aya ya 20, ambapo Kigiriki kina neno lilelile la wito, yaani klesis, wafasiri walichagua neno hali. Uteuzi wao una sababu, kwa kuwa Paulo anazungumzia waliotahiriwa na wasiotahiriwa, watumwa na watu huru. Hata hivyo una gharama yake. Hali ni kitu kinachomkuta mtu. Wito ni kitu anachojibu. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa akae katika hali yake, wala hasikii kwamba katika hali hiyo kuna sauti.

Katika Kijerumani mambo yalikwenda njia nyingine. Max Weber, katika maandishi yake ya mwaka 1904 na 1905, alieleza jinsi tafsiri ya Biblia ya Martin Luther ilivyolipa neno Beruf uzito wa wito wa Mungu ndani ya kazi ya kila siku, hata fundi na mkulima wakahesabiwa kuwa wameitwa. Kiswahili hakikupata Luther wake, na pengine si vibaya, maana fundisho hilo nalo limewahi kutumiwa kumfunga mtu mahali alipo. Aya inayofuata ile ya 20 inamhusu mtumwa, na kumwambia mtumwa akae katika hali yake ni jambo zito. Uzito huo unaonekana wazi katika maisha ya mtu mmoja wa Karema.

Adrian Atiman

Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1879 kama kituo cha chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe. Kutoka huko Ukatoliki ulipanda hadi Ufipa. Mwaka 1889 alifika Karema kijana Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alikuwa amezaliwa karibu na Timbuktu, penye mto Niger, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria akakombolewa na Mapadre Weupe kwa fedha. Mwaka 1881 alipelekwa Malta kusomea uganga pamoja na vijana wengine waliokombolewa kama yeye.

Mpango huo ulikuwa wa Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1868. Lavigerie aliamini kwamba Afrika haina budi kuinjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba si lazima wote wawe mapadre. Alitaka wawepo waganga walio makatekista, wenye wake na watoto, waishio kama watu wa mahali pale. Kwa maneno mengine, katika fikira za mwanzilishi mwenyewe, mlei mwenye ndoa na kazi ya mikono hakuwa msaidizi wa kushikiza. Alikuwa nguzo.

Atiman alimwoa Agnes Wansabira, wakapata mtoto Yosefu, akafanya kazi Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kuosha vidonda, kutoa dawa na kufundisha katekisimu. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, na zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga imepewa jina lake.

Yosefu mwanawe alipata upadre. Hapa ndipo mazoea ya lugha yanapojifichua. Kwa Kiswahili cha Kanisa cha leo, mwana alikuwa na wito. Baba alikuwa na kazi. Mtu aliyekesha na wagonjwa kwa miaka 67 anahitaji kijalizo ili aingie katika neno hilo, na mwanawe aliyekulia katika nyumba hiyo hahitaji. Ni vigumu kuitetea sarufi ya namna hiyo.

Lipo swali gumu zaidi ambalo halifai kuepukwa. Mtoto aliyetekwa, akanunuliwa, akapelekwa shule asiyoichagua na nchi asiyoijua, aliitwa au alitumwa tu? Wanaoandika habari za watakatifu huwa wepesi kuona mkono wa Mungu katika kila hatua, pamoja na mkono wa mfanyabiashara ya watumwa. Methali iliyotajwa hapo juu inasaidia kuepuka kosa hilo. Utumwa haukuwa wito, ulikuwa uovu. Hata kupelekwa Malta kulikuwa uamuzi wa wengine. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba mtu huyo, akiwa mtu mzima na huru, mwenye ujuzi ambao ungeweza kumpatia riziki mahali pengine, alibaki. Kuitika kwake hakukufanyika siku moja. Kulifanyika kila asubuhi alipofungua mlango kwa wagonjwa.

Mabinti wa Karema

Mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, alianzisha shirika la masista wazalendo huko Karema, ambalo leo ni la Maria Malkia wa Afrika. Kwa jamii ambayo mwanamke alihesabiwa kwa ndoa na uzazi, binti kukataa mume lilikuwa jambo la kutikisa ukoo mzima. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Wafipa, ameonyesha kwamba ili kuelewa uhusiano wa wazazi na misheni ni lazima kuanza na malezi: mtoto wa Kifipa alizoea kuondoka nyumbani mwa wazazi mapema, akaishi kwa babu na bibi, kisha katika nyumba za vijana wa rika lake. Mtoto kulelewa na wengine hakukuwa kitu kigeni. Kigeni kilikuwa kutozaa.

Mabinti hao wa mwanzo ndio waliolipa neno wito nguvu yake katika eneo hili, na heshima yao ni ya haki. Lakini heshima hiyo iliacha kivuli. Kadiri utawa ulivyotukuzwa, ndivyo dada aliyebaki kijijini, akaolewa na kulea, alivyoonekana kana kwamba hakuitwa. Mwaka 1964 una kinaya chake. Ndio mwaka ambao Siku ya Kuombea Miito Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, na ndio mwaka ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Lumen Gentium, ulifundisha kwamba waamini wote, wa kila hali na daraja, wameitwa kwenye utakatifu. Adhimisho la kwanza limezama katika lugha ya parokia. Fundisho la pili limebaki zaidi vitabuni.

Wito nje ya kanisa

Wakati Kanisa likilibana neno, Serikali na magazeti vililipanua kwa njia yao. "Ualimu ni wito" ni kauli inayofahamika kwa kila mtumishi wa umma Tanzania, na uuguzi nao husemwa vivyo hivyo. Aghalabu kauli hiyo hutamkwa mshahara unapochelewa au nyumba ya mwalimu inapovuja. Hapo wito umegeuka kuwa jina la subira isiyolipwa, na walimu wenyewe huirudia kwa kejeli. Hatari ileile inamkabili katekista wa kigango: akiambiwa ana wito, huenda ikawa ni njia ya kutozungumzia posho yake. Kulirudisha neno kwa walei, basi, kusiwe kisingizio cha kuwabebesha mzigo bila ujira.

Mahali pa kupima fikira hizi ni sokoni. Ufipa inasifika kwa mahindi, maharage na ulezi, na kwa kilimo cha matuta ya kufukia nyasi, ambacho Wafipa walikibuni muda mrefu kabla ya mbolea za viwandani. Baada ya mavuno wanunuzi hufika hadi vijijini Kalambo, na wapo wanaotaka gunia lijazwe kwa mtindo wa lumbesa, kilemba kikishonewa juu ya mdomo wa gunia, ingawa sheria ya vipimo inakataza ufungashaji unaozidi kilo 100. Mkulima hukubali kwa sababu ada ya shule inamsubiri na ghala hana. Mnunuzi, ambaye huenda Jumapili ni mwanakwaya, hujitetea kwamba bei ndiyo hiyo na kila mtu hufanya hivyo.

Katika mahubiri, lumbesa ikitajwa, hutajwa chini ya amri ya saba, yaani kama dhambi ya kuepukwa. Haitajwi kama mahali pa kuitwa. Lakini kwa maana ya kuitika iliyoelezwa hapa, mnunuzi yule amesimama mbele ya mzani kama Samweli alivyokuwa amelala karibu na kazi yake: amesikia sauti akadhani ni ya mzee tu, mkulima anayelalamikia kilemba cha gunia.