Malazi ya Msafiri (Sehemu ya Nne): Pa Kulala baina ya Kilosa na Mikumi

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, magazeti yetu yamekuwa yakieleza mara kwa mara habari za wageni na wananchi wanaoshuka Kilosa ili wakaitazame Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, jambo ambalo miaka michache nyuma lingechekwa, maana njia ya mtalii ilikuwa moja tu, nayo ni ile barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, inayoipasua hifadhi hiyo katikati. Kwa sababu hiyo wasomaji kadhaa wa makala hizi wameniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mtu ambaye hajapata kufika huko hata mara moja, na ambaye mfuko wake si mzito, alale wapi ili asitumie fedha nyingi na asiwe mbali na alichokifuata? Nitajibu, walakini aliyenifuata tangu sehemu ya kwanza anajua kwamba sina mazoea ya kumjibu mtu kabla ya kumwonyesha nani waliouliza swali hilo hilo kabla yake.

Na waliouliza ni wengi. Bonde la mto Mkondoa, ambalo mji wa Kilosa umelala mlangoni mwake, lilikuwa njia ya misafara zamani sana kabla ya mtu yeyote kufikiri habari ya reli. Wanyamwezi walishuka nalo wakibeba pembe mabegani, na watu wa Mrima wakapanda nalo wakichukua nguo na shanga, na hapo ndipo wasafiri wa Kizungu walipofuata nyayo ambazo hawakuzikanyaga wao kwanza: Burton na Speke katika mwaka 1857 waliikata nchi hii ya Usagara kuelekea milima ya Rubeho, na Stanley katika mwaka 1871 aliivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika, majini na matopeni, yeye na watu wake na wanyama wake wakiugua, hata wakaja kupata pumzi Rehenneko, chini ya vilima, mahali ambapo ardhi imeinuka na maji hayakai.

Burton, ambaye kwa mengi alikuwa mtu wa dharau na ulimi mkali, alikuwa na jicho la kuona mambo ya malazi, nasi hatuna budi kumpa haki yake hapo. Ameeleza namna kambi za misafara zilivyokuwa: boma la miiba kulizunguka eneo, na ndani yake vibanda vya fito na nyasi vilivyojengwa na msafara mmoja, vikaachwa visivunjwe ili msafara utakaofuata uvikute. Tafakari, msomaji, insafu iliyokuwamo katika ada hiyo. Mtu alijenga kibanda asichotarajia kukirudia, akamwachia asiyemjua. Burton anaeleza pia kwamba msafara ulipokaribia kambi, mahamali walitimka mbio, kila mmoja akishindana na mwenziwe kupata kibanda kilicho bora, na wakati mwingine ugomvi ukazuka. Sioni tofauti kubwa baina ya hamali yule na abiria wa leo anayeruka kutoka ndani ya basi la Mikumi na begi lake kichwani ili apate chumba chenye feni kabla ya jirani yake. Tofauti ni kwamba yule wa kale alikuwa amebeba ratili sabini mgongoni, na alikuwa na udhuru.

Kambi hizo hazikuchaguliwa kwa bahati. Zilikaa karibu na maji, lakini si ukingoni mwake. Karibu na vijiji vilivyokuwa na unga wa kuuza, lakini si ndani ya vijiji, maana watu mamia wenye njaa wakiingia kijijini usiku rabsha haikosi. Na mahali penye kuni. Kiongozi wa msafara ambaye hakujua mambo hayo hakudumu katika kazi yake.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Tunamtaja Stanley na tunamtaja Burton, nami nimewataja, lakini ni wangapi miongoni mwetu waliofungua kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen katika mwaka 1901, ambamo watu wa pwani wenyewe, kwa Kiswahili chao wenyewe, wameeleza safari zao za bara? Na baada yake katika mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Vijana wetu wanafundishwa kwamba nchi hii ilielezwa na wageni, ilhali wapo babu zetu walioieleza, walioandika habari za mizigo, hongo, njaa, vivuko na malazi, kwa ufasaha ambao mwandishi wa leo angeona haya kujilinganisha nao. Laiti ningekuwa na amri katika wizara ya elimu, kila mwanafunzi wa sekondari katika wilaya ya Kilosa angevisoma vitabu hivyo viwili kabla hajaruhusiwa kupanda treni ya umeme. Najua amri hiyo sitaipata.

Desturi ya kumpokea mgeni ilikuwa na sura yake pwani pia, tena ya kale zaidi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu katika mwaka 1331, kabla hajateremka kuja Mombasa na Kilwa, aliona jambo ambalo hakulisahau. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara hakulala pengine ila kwa mwenyeji huyo. Na mwenyeji akamwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka, na mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia bila ya mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Ukarimu huu haukuwa wa bure, maana mwenyeji alipata fungu lake. Lakini mgeni alikuwa na mdhamini, na mdhamini alikuwa na jina katika mji.

Venezia, katika nchi ya Italia, walifanya kinyume. Huko wafanyabiashara wa Kijerumani walilazimishwa kulala katika nyumba moja kubwa karibu na daraja la Rialto, nyumba iitwayo Fondaco dei Tedeschi, ambayo iliungua katika mwaka 1505 na kujengwa upya kufikia mwaka 1508. Bidhaa zao zikawekwa humo, maofisa wa dola wakazihesabu, na milango ikafungwa usiku. Nyumba ilikuwa nzuri, hata wachoraji mashuhuri waliitwa kuzipamba kuta zake za nje, na mahali pake palikuwa pazuri kabisa, kando ya mfereji mkuu na soko. Lakini mgeni humo alikuwa amelindwa kama mali inavyolindwa, ili isipotee kabla haijatozwa ushuru. Baina ya nyumba ile yenye kufuli na sahani ya kijana wa Mogadishu, mimi najua ningechagua ipi, ijapokuwa nakiri kwamba katika nyumba ya Venezia mtu aliweza kulala bila ya kuulizwa habari za jamaa zake wote.

Wajerumani hao hao, walipokuwa watawala wa nchi hii, walileta mtindo wa tatu. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam katika mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Na kila ilipopata mji mkubwa, hoteli ilisimamishwa mkabala na stesheni, kama ilivyokuwa Morogoro, Dodoma na Tabora, ili abiria avuke uwanja mmoja tu na kukuta kitanda. Walengwa walikuwa Wazungu, na mwananchi aliyeshuka behewa la daraja la tatu alilala kwa ndugu, au kwa mtu wa kabila lake, au juu ya mzigo wake penye ukumbi wa stesheni. Hata hivyo hekima ya mahali pale ni ya kweli: aliyesafiri kwa reli alale pasipo mbali na reli. Kilosa, ambao ulikuwa mji wa boma, wa pamba na wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, haukupata hoteli yenye sifa kama ile ya Tabora. Ulipata nyumba za kulala wageni, na ndizo ulizo nazo mpaka leo.

Basi tuje kwenye swali, ingawa nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha kupungua kuliko nilivyokusudia.

Msafiri wa treni na aanze kwa kuuliza kama treni anayokatia tiketi inasimama Kilosa, kwa kuwa si kila treni husimama hapo, kisha achague ile itakayomfikisha mchana. Malazi ya Kilosa ni nafuu kuliko ya Mikumi, kwa sababu mgeni wa Kilosa aghalabu ni karani aliyekuja kikazi, mzazi aliyemleta mwanawe chuoni, au mtu wa utafiti wa mazao anayekwenda Ilonga, na hao wote bei ya chumba wanaijua. Lakini nafuu ya bei isimfanye asahau kwa nini misafara ya kale haikupiga kambi ukingoni mwa maji. Mkondoa ni mto wenye hasira. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukawaacha maelfu ya watu bila ya makazi na kuing'oa reli ya zamani kuelekea Gulwe. Wakati wa mvua, chumba kilicho katika ardhi iliyoinuka kinastahili kulipiwa shilingi elfu kadhaa zaidi, na mwenye nyumba asikasirike akiulizwa maji ya mwaka ule yalifika wapi katika mtaa wake. Mwenyeji mwaminifu atakuonyesha ukutani.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi ni njia ya kupitia Ulaya na Zombo (naam, Ulaya ipo wilayani Kilosa, wala haidai pasipoti), na hapo ndipo hesabu ya mgeni wa kwanza huharibika. Yeye hutazama bei ya kitanda, akafurahi, asitazame bei ya gari. Katika hifadhi hiyo, iliyotengwa mwaka 1964 na ambayo leo ina kilomita za mraba 3,230, mtu hatembei kwa miguu apendavyo. Ni lazima awe na gari, na gari la kukodi hula fedha kuliko kitanda cha siku mbili. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba usiku wa kuamkia siku ya hifadhi usilalwe Kilosa hata kama chumba ni cha bure. Wanyama huonekana vema alfajiri, katika mbuga ya Mkata, na anayetoka Kilosa alfajiri atafika jua likiwa limepanda na simba wamekwisha jificha.

Mikumi mjini pana nyumba za wageni nyingi mno, zilizoota kando ya barabara kwa ajili ya madereva wa malori, na ubaya wake ni ule ule wa uzuri wake: zipo barabarani. Breki za malori usiku kucha si jambo la kusimulia. Mtaa mmoja au miwili nyuma ya barabara bei haizidi na usingizi hupatikana. Baadhi ya nyumba hizo hukodisha vyumba kwa saa, na sina haja ya kueleza ni biashara gani. Alama yake ni kwamba mhudumu hakuletei kitabu cha wageni uandike jina lako, utokako na uendako, au hukuletea kwa kusitasita. Watu wengi hulinung'unikia daftari lile, hasa linapouliza kabila. Mimi nalipenda, maana ndilo masalia ya yule mdhamini wa Mogadishu: nyumba inayotaka kukujua imekubali kuulizwa habari zako ukipotea. Tazama pia chandarua kama hakina matundu, fungua bomba kabla hujalipa, na uulize saa ya kutoka, ambayo kwa nyumba nyingi ni saa nne asubuhi, ilhali wewe utakuwa ungali hifadhini. Mwenyeji akikubali kukuwekea begi lako kwa hiari, umepata mwenyeji.

Nje ya mji zipo kambi na loji ambazo bei zake zimeandikwa kwa dola, na hizo nawaachia wenye dola. Walakini ndani ya hifadhi yenyewe Shirika la Hifadhi za Taifa lina mabanda na viwanja vya kupiga hema, ambavyo mwananchi hulipia kwa shilingi na kwa kiwango chake, maadamu amebeba kitambulisho cha taifa. Watu wanne au watano wakichanga gari na banda, kila mmoja atatumia kidogo kuliko aliyelala mjini peke yake na kukodi gari peke yake, nao wataamka wakiwa wamekwisha fika. Nashangaa ni wananchi wachache kiasi gani wanaolijua jambo hili. Banda liombwe mapema, hasa siku za sikukuu na mwisho wa juma, na chakula kinunuliwe mjini kabla ya kuingia.

Masika yakianza, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Mkata hunasa gari kama ulivyowanasa punda wa Stanley, na baadhi ya njia za ndani hufungwa. Katika miezi hiyo ni afadhali kulala mjini Mikumi, karibu na lami, na kuingia hifadhini kwa siku ambayo askari wa langoni watasema njia zinapitika. Habari za wanaotaka kuendelea mbele hadi Kidatu na kulala Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, nitazieleza katika sehemu ya tano.